Hivi lokdauni ya korona ilisafisha hewa kweli, au tulidanganywa na picha za setilaiti?

Kifua_Mluzi (mwanzisha mada)

Wakuu habari za muda. Nina swali limenikaa kichwani tangu 2020 na kila nikiuliza napewa majibu ya kila rangi. Mi nina pumu tangu utotoni, sio ile ya kulazwa kila mwezi, ni ile ya kutembea na pampu mfukoni kama wengine wanavyotembea na funguo. Sasa ile miezi ya mwanzo ya lokdauni, watu wote wamejifungia, kifua changu kilitulia ambavyo sijawahi kuona maishani. Pampu ya bluu ambayo huwa inaisha kabla sijakumbuka kununua nyingine ilikaa mpaka nikaanza kuangalia tarehe yake ya kuharibika. Nalala usiku kucha, hakuna cha kuamka saa tisa nikae kitako kitandani nahangaika na pumzi.

Mi nikaamini ni hewa. Magari hakuna, viwanda vimefungwa, na zile picha za setilaiti za China zilikuwa zinazunguka kila mahali, Januari ramani ina madoa makubwa, Februari madoa yametoweka. Juzi nikamwambia shemeji yangu kwamba korona iliua ila na yenyewe iliokoa, maana hewa chafu inaua watu wengi kuliko korona, akanicheka mpaka akaweka kikombe chini, eti hizo ni stori za vijiweni, moshi ulipungua wiki mbili na haukumsaidia mtu.

Mwenye ujuzi anijibu: hewa ilitakata kweli? Kuna watu hawakufa kwa sababu hiyo? Au pumu yangu ilitulia kwa mambo mengine kabisa? Msinirushie makala za kurasa arobaini tafadhali, nielezeni kama mnaongea na mtu.

Pweza_Mkavu

Sina utaalamu ila nakumbuka zile picha za India Aprili 2020, watu wa Jalandhar wamepanda juu ya mapaa wanapiga picha milima ya Himalaya iko zaidi ya kilometa 100, kuna vijana walikuwa hawajawahi kuiona toka wazaliwe, wazee ndo wakasema aah hii milima ilikuwaga hapa hapa. Hiyo sio stori ya kijiweni, mlima huwezi kuuongopea. Nasubiri wajuzi.

MzeeWaTakwimu

Kifua_Mluzi, wewe na shemeji yako kila mtu kashika nusu, na nusu zenyewe hazijai.

Kwanza tuelewane kwamba "hewa chafu" sio kitu kimoja, ni kapu lenye vitu vingi, kila kimoja kina kwao na kina umri wake. Zile picha za China zilikuwa za gesi moja tu, NO2, ambayo inatoka kwenye injini hasa za dizeli, viwandani na kwenye mitambo ya umeme. Hii haikai hewani, umri wake ni masaa, kwa hiyo ukizima magari leo kesho setilaiti inaona tofauti. Wuhan walifungiwa tarehe 23 Januari 2020, na kifaa kinachoitwa Tropomi kilichoko kwenye setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-5P kikaona gesi ikishuka kuanzia huko halafu kushuka kukasambaa nchi nzima. Picha zilikuwa za kweli kabisa. Kosa ni letu sisi tuliozitazama tukadhani zinaonyesha uchafu wote.

Muuaji mkubwa sio NO2, ni vumbi laini, lile linaitwa PM2.5. Chukua unywele mmoja wa kichwani, upana wake unaingia kama chembe 30 za hilo vumbi zikipangwa mstari. Ukubwa huo pua haiwezi kuzikamata, zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu na nyingine zinavuka kuingia kwenye damu, ndo maana zinaua watu kwa moyo na kiharusi, sio kwa kifua tu kama wengi wanavyodhani. Hizi zinakaa siku kadhaa, hata wiki, upepo unazihamisha kutoka nchi moja kwenda nyingine, na sehemu kubwa haitoki kwenye bomba lolote, inapikwa huko huko hewani. Amonia ya mbolea na mifugo inakutana na gesi za moshi, zinashikana zinakuwa chembe. Sasa mkulima nani alimfungia ndani? Shamba halijui korona. Kuna utafiti uliongozwa na watu wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliangalia majiji 11 makubwa, wakaondoa kwanza mchango wa upepo na mvua ili wasidanganyike, wakakuta PM2.5 ilishuka kwenye majiji mengi lakini London na Paris ilipanda. Ilipanda, katikati ya lokdauni, barabara tupu.

Utafiti mwingine wa nchi 34 mpaka katikati ya Mei 2020 ulikuta NO2 imeshuka kama asilimia 60 na PM2.5 kama asilimia 31. Ukiziweka pamoja hizo namba mbili utaelewa mengi. Gesi ya magari ilipungua zaidi ya nusu, vumbi likapungua theluthi tu.

Halafu kuna Beijing. Februari 2020 hiyo hiyo ambayo ramani ilikuwa imetakata, Beijing wakapigwa na ukungu mzito wa moshi siku kadhaa. Upepo ulikuwa umelala, unyevu mwingi, viwanda vizito na mitambo ya umeme havikuzimwa, na kemia ya hewani ikawa imebadilika inatengeneza chembe kwa kasi zaidi. Watu walikuwa wamefungiwa ndani na nje moshi umekaa. Hiyo hamkutumiana kwenye makundi ya simu.

Mbishi_Halisi

Takwimu takwimu takwimu. Mbona joto la dunia halikushuka basi? Kama tuliacha kuchafua hewa karibu mwaka mzima si tungeona hata baridi kidogo. Na hao waliosema watu waliokolewa na hewa safi waliwahesabu wapi, makaburini?

MzeeWaTakwimu

Mbishi joto ni kesi ya kaboni dioksidi, na hiyo haina undugu na NO2 kwenye umri, inakaa karne na karne. Uzalishaji wa 2020 ulishuka kama asilimia 5 hivi, maana yake bado tulimwaga asilimia 95. Beseni likiwa linajaa maji ukapunguza koki kidogo, maji yanaendelea kupanda tu. Kisha kuna kioja kimoja nakipenda sana: zile gesi za moshi wa magari zinasaidia kutengeneza kitu hewani ambacho kinakula methani, gesi nyingine inayopasha dunia joto, moshi ulivyopungua mlaji naye akapungua, na mwaka ule methani ikapanda kwa kasi kubwa. Sio sababu pekee lakini imo. Hewa ni mtandao, ukivuta uzi huku unashangaa shati linakatika kule.

Swali la makaburini ni zuri kuliko ulivyokusudia, nalirudia baadaye nikitoka kazini.

NesiWaZamu

Habarini. Niko wodi ya watoto miaka mingi kidogo, naomba nimjibu mwanzisha mada kuhusu pumu maana naona mnazunguka na setilaiti mgonjwa yuko hapa chini.

Kwetu ile mashine ya kuvutisha dawa kwa mvuke ina kona yake karibu na meza ya manesi. Siku za kawaida haipoi, mtoto mmoja akishuka mwingine anakaa, mpira wa ile barakoa yake unakuwa na joto la mikono. Mwaka ule kuna siku nilienda kuichukua nikakuta kuna mtu kaifunika na shuka iliyokunjwa vizuri, juu ya shuka kuna faili. Ilikuwa imegeuka meza. Nikasimama pale nikajiuliza wenye pumu wako wapi.

Jibu la haraka kila mtu alilokuwa nalo ni hilo lako kaka, kwamba hewa safi. Lakini sisi tunajua mashambulizi mengi ya pumu kwa watoto hayaanzi na moshi, yanaanza na mafua. Mtoto anapata kamasi Jumatatu, Jumatano kifua kinapiga filimbi. Na ile miezi virusi vya mafua vilikosa njia, shule zimefungwa, watu wamevaa barakoa, mikono inanawishwa mpaka ngozi inachubuka. Homa ya mafua yenyewe msimu wa 2020 kuingia 2021 karibu ipotee duniani. Kwa hiyo umeondoa moshi na umeondoa mafua wakati mmoja, halafu mtoto kapata nafuu. Utampa nani shukrani?

Jambo la pili halipendezi kulisema. Kuna waliokuwa wagonjwa na hawakuja. Walituogopa, waliona hospitali ndo kwenye korona. Kaskazini mwa California wagonjwa wa shambulio la moyo waliolazwa walipungua karibu nusu. Mioyo ya watu haikupona ghafla. Kule Lombardy Italia, watu waliosimama moyo majumbani na mitaani waliongezeka asilimia 58 ukilinganisha na mwaka uliotangulia, baadhi kwa korona yenyewe, baadhi ni watu wa kuchelewa. Ukiangalia daftari la wodi peke yake utasema afya imeboreka. Daftari halimjui aliyebaki nyumbani.

MamaPacha

Asante nesi. Mi niongeze ambacho hakuna aliyekigusa, hewa ya nje ilikuwa safi sawa, ila sisi tulikuwa NDANI. Si ndo maana ya lokdauni? Duniani zaidi ya watu bilioni 2 wanapikia kuni, mkaa na kinyesi cha mifugo, na WHO, shirika la afya duniani, walikadiria moshi wa ndani peke yake ulihusika na vifo kama milioni 3.2 mwaka 2020. Sasa mtoto aliyekuwa anashinda shule masaa nane anashinda na jiko masaa nane. Setilaiti haichungulii jikoni.

Na madawa ya usafi je? Mi mwenyewe nilitaka kujiua bila kukusudia. Nilikuwa naosha choo, nikamimina dawa ya klorini, nikaona haitoshi nikaongeza na ile nyingine ya kung'arisha sinki ambayo ina asidi, mlango nimeufunga pacha wasiingie. Kilipanda kitu kama pilipili ya moto, koo likajikunja, macho yanamwagika, nilitoka natambaa na nikakohoa siku mbili. Baadaye ndo najua ile ni gesi ya klorini, ile ile ya vitani. Marekani simu za kwenye vituo vya sumu kuhusu dawa za usafi zilipanda kama asilimia 20 ile miezi mitatu ya mwanzo wa 2020 ukilinganisha na 2019. Kwa hiyo sikuwa peke yangu mpumbavu.

Pweza_Mkavu

Pole sana dada, hiyo ya klorini nilikuwa sijui kabisa, kesho naenda kutenganisha makopo.

MzeeWaTakwimu

Nimerudi. Mbishi ulisema waliwahesabu wapi. Hawakuwahesabu, na hapo ndo watu wengi wanapopotelea. Hakuna aliyesimama mlangoni akaandika "huyu leo alikuwa afe kwa moshi, kasamehewa". Wanachofanya ni hivi: tafiti za miaka mingi zimeshaonyesha uchafu ukipanda kiasi fulani vifo vinapanda kiasi fulani, sasa wanachukua uchafu uliopungua wanauzidisha na hicho kiwango, linatoka jibu. Ni hesabu ya mezani, na inategemea umeanza na nini.

Ona tofauti. Machi 2020 Marshall Burke, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford Marekani, alichukua vipimo vya majiji manne ya China akapiga hesabu ya miezi miwili, akapata kwamba waliokolewa watoto 4,000 wa chini ya miaka 5 na wazee 73,000 wa zaidi ya miaka 70. Ikasambaa dunia nzima. Akaonya mwenyewe kwamba ni upumbavu kusema janga ni zuri kwa afya, onyo halikusambaa. Utafiti mwingine uliotoka kwenye jarida la Lancet Planetary Health kwa China hiyo hiyo ukapata vifo 12,125 vilivyoepukwa. Kutoka 77,000 mpaka 12,000, nchi moja, majira yale yale! Ulaya kuna taasisi ya utafiti wa nishati na hewa safi, CREA, walikadiria vifo 11,000 kwa mwezi mmoja. Mi nasema mwelekeo ni sahihi, vifo vilipungua, ila mtu akikutajia namba moja kama anayesoma risiti mkimbie.

Na wewe Kifua_Mluzi, ile ya hewa chafu kuua kuliko korona. WHO wanasema hewa chafu ya ndani na nje inahusika na vifo kama milioni 7 kwa mwaka, na vifo vya ziada vya miaka miwili ya 2020 na 2021 walikadiria milioni 14.9. Zidisha 7 mara mbili. Zinakaribiana mno, wala hujashinda wala hujashindwa, mwambie shemeji arudishe kikombe mezani.

Mbishi_Halisi

Kwa hiyo unakubali ni makadirio. Sasa nionyeshe mahali ambapo moshi ulizimwa, watu wakahesabiwa kweli, na hakukuwa na korona ya kuchanganya mambo. Kama hakuna basi na hizo kanuni zenu za kuzidisha mmezitoa hewani.

MzeeWaTakwimu

Nakushukuru kwa kuniuliza hilo maana lipo na ni tamu. Bonde la Utah, Marekani. Kulikuwa na kiwanda cha chuma, mgogoro wa wafanyakazi ukakifunga Agosti 1986, kikafunguliwa Septemba 1987. Hakuna janga, shule ziko wazi, mafua yako kama kawaida, kilichozimwa ni bomba la kiwanda. Mtafiti anaitwa Arden Pope akaenda kuhesabu watoto waliolazwa hospitali kwa kifua na pumu majira ya baridi, akakuta kiwanda kikiwa kinawaka watoto wanalazwa mara mbili mpaka mara tatu kuliko kilipozimwa. Hao ni watoto wa vitandani, sio wa kuzidisha.

Na Beijing 2008 kwenye Olimpiki, serikali ilibana magari na viwanda kwa wiki kadhaa, watoto ambao mwezi wa nane wa mimba uliangukia kwenye hizo wiki walizaliwa na uzito zaidi, wastani wa gramu 23. Gramu 23 ni kitu kidogo, hata mama hawezi kuisikia mkononi, lakini imeonekana kwenye maelfu ya watoto.

NesiWaZamu

Kwenye 2020 kuna na njiti. Denmark na Ireland walitoa taarifa kwamba watoto wa kuzaliwa kabla ya muda sana walipungua ghafla wakati wa lokdauni, watu wakakimbilia hewa safi tena. Baadaye zilipokusanywa takwimu za nchi nyingi upungufu ukaonekana upo lakini mdogo, kama asilimia 3 au 4 kwenye miezi ya mwanzo. Na mama mjamzito wa mwaka ule alibadilishiwa mambo mengi, kusimama kazini, safari, maambukizi. Hewa ni mojawapo kwenye foleni.

Mbishi_Halisi

Sawa, la Utah nimelikubali, muandike tarehe. Ila mnasahau kitu, sio kila bomba lilizimwa. Marekani mamlaka yao ya mazingira, EPA, ilitangaza tarehe 26 Machi 2020 kwamba kiwanda kikishindwa kupima uchafu wake kwa sababu ya korona hakitapigwa faini, ikaendelea hivyo mpaka mwisho wa Agosti. Barabara tupu picha nzuri, ila jirani wa kiwanda cha kemikali alipata nini? NO2 inaonekana kutoka angani, mvuke wa benzini, ile kemikali ya sumu, wa kwenye uzio wa kiwanda nani alikuwa anaupima.

MzeeWaTakwimu

Hapo sina la kukupinga. Na waliokuwa wamekaa karibu na mabomba miaka yote hawakusafishika kwa miezi miwili, mapafu yalishachakaa kabla. Timu ya Harvard ilijaribu kupima hilo, kwamba maeneo yenye PM2.5 nyingi kwa miaka wanakufa zaidi kwa korona. Walianza na ongezeko la vifo la asilimia 15 kwa kila mikrogramu moja ya hilo vumbi kwenye mita moja ya ujazo wa hewa, wakasahihisha wakasema 8, kwenye chapisho la mwisho Novemba 2020 ikawa 11. Wengine waliwacheka, mi niliwaheshimu kwa kurekebisha hadharani, ila walilinganisha wilaya kwa wilaya na sio mtu kwa mtu, kwa hiyo ipokee kwa mkono mmoja.

Kifua_Mluzi

Wakuu nimesoma yote mara mbili. Sasa nesi alivyosema mafua na moshi viliondoka wakati mmoja nikakumbuka nina daftari. Daktari wangu aliwahi kunipa kile kibomba cha kupuliza cha kupimia nguvu ya pumzi, nikawa naandika namba kila asubuhi, nilikuwa mwaminifu sana mwaka ule kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Nimelitafuta leo, liko chini ya nguo za baridi, kurasa zimenata.

Kabla ya lokdauni naona 310, 320, 290, kuna siku 260 nimeizungushia duara. Wiki ya tatu ya kufungiwa namba zinapanda, 380, 400, halafu zinakaa huko 420. Hapo nikafurahi nikasema shemeji kwisha habari yake. Ila nikaendelea kufunua. Lokdauni ikaisha, magari yakarudi, na nakumbuka nilivyochukia ile siku ya kwanza ya honi na moshi chini ya dirisha, nimeandika kabisa pembeni "wamerudi". Namba ya siku hiyo 415. Wiki ya baadae 420. Mwezi mzima uliofuata magari yamejaa mi niko 410, 420, 400.

Zikaanguka lini? Nimekuta 300 ya kwanza, pembeni nimeandika kwa kalamu nyekundu "watoto shule wiki ya 2, wote kamasi".

NesiWaZamu

Haya sasa.

MzeeWaTakwimu

Daftari la mtu mmoja sio utafiti kaka, na moshi nao unadhuru polepole bila kuonekana kwenye kibomba... ila kusema kweli nimecheka. Usilitupe hilo daftari.

Kifua_Mluzi

Silitupi. Ila shemeji simwonyeshi.